Kadi ya Idi kwa mkono wa mtoto: tuliyojifunza Soko la Toi

Kumi la mwisho limeingia na kila nyumba ina hesabu zake: kanzu za watoto, viatu, zakatul-fitri, nauli ya wanaorudi nyumbani. Mwaka huu nataka tuongeze kitu kimoja kidogo kwenye hesabu hiyo. Hakigharimu mia mbili na kinamaliza kutwa moja ya mtoto aliyefunga. Nacho ni kadi ya Idi iliyochorwa kwa mkono. Nitaeleza inavyotengenezwa hatua kwa hatua, na nitaeleza pia nilipokosea mimi mtu mzima, kwa sababu kosa lenyewe ndilo lililonifunza.

Ramadhani iliyopita nilikuwa Nairobi kikazi, nikafikia kwa dada yangu Makina, Kibera. Wengi wetu wa pwani tukisikia Kibera hatufikirii Uislamu, lakini Makina ni kitovu cha Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza na kukaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Adhana unaisikia kila upande, na magharibi ikikaribia sambusa zinakaangwa barazani kama kwetu.

Dada yangu anauza nguo za watoto za mitumba Soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera, nyuma ya Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong. Soko hilo limeungua zaidi ya mara moja: liliteketea kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, likaungua tena 2019, na tena baada ya hapo. Wanaouza pale wamejifunza kuanza upya. Kwa mwenye kibanda cha nguo za watoto, kumi la mwisho ndilo vuno la mwaka. Kwa hivyo dada alikuwa ameshaniambia mapema: "Kaka, Idi hii hatuji Mombasa. Nikifunga kibanda siku hizi, deni la robota halilipiki."

Nilimwelewa. Lakini ilikuwa Idi ya kwanza tangu baba yetu afariki, na mama alikuwa ameshauliza mara tatu kwenye simu kama wajukuu watakuja.

Baba alikuwa na kopo la biskuti ambamo aliweka kadi zote za Idi alizowahi kuletewa. Nyingine zilitoka Muscat, nyingine Dar es Salaam, moja ilitoka kwa rafiki yake Mkristo wa Voi aliyekata kadi ya Krismasi, akabandika karatasi nyeupe juu ya maandishi na kuandika Idi Mubarak kwa biki. Baba alipokufa mama alilichukua kopo hilo akaliweka chumbani kwake. Simu yake ina picha za Idi mia kadhaa zilizotumwa WhatsApp, zenye misikiti ya nchi asizozijua na waridi zinazometameta. Sijawahi kumwona akizirudia. Kopo nimemwona akilifungua.

Basi nikasema, watoto wasipofika, zifike kadi zao.

Desturi hii ya kadi si yetu kwa asili. Kadi ya kwanza ya sikukuu kuchapishwa kwa ajili ya biashara ilitoka London mwaka 1843, ilikuwa ya Krismasi, aliyeiagiza akiitwa Henry Cole na mchoraji wake John Callcott Horsley. Waislamu wakaipenda wakaitia mwezi na nyota. Lakini kumpelekea mtu maneno ya heri juu ya kitu kizuri tulikuwa nako zamani. Leso ni nini? Ina pindo pande nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani maneno ya kumwambia mtu usiloweza kulisema kwa mdomo. Mwanamke anayempa mama yake leso ya Idi amempa kadi ya kuvaa. Na mtoto aliyeiona leso ameshajua kupanga kadi: pindo, mji, jina. Nilipowaeleza watoto wa dada hivyo, hawakuuliza tena waanzie wapi.

Vifaa

Tulitoka baada ya Adhuhuri, watoto watatu na mimi: mvulana wa miaka 11 aliyekuwa anafunga, msichana wa miaka 8 aliyekuwa anafunga nusu siku, na kitinda mimba wa miaka 5 aliyekuwa akitangaza kuwa amefunga huku anatafuna muwa.

Toi ina kila kitu kwa anayeangalia chini. Kwa wauza viatu tulipewa maboksi matupu; boksi la viatu ni gumu na linafaa kukata vigezo. Kwa mafundi wa cherehani tuliokota vipande vya kitenge na leso vilivyodondoka chini ya meza, na fundi mmoja akatuongezea utepe wa dhahabu uliobaki kwenye buibui. Kwenye kioski cha vifaa vya shule tukanunua shiti moja la manila nyeupe, karatasi ya khaki ya bahasha, penseli mbili, ufutio na pakiti ya kalamu za rangi. Makasi na rula vilikuwamo nyumbani. Jumla haikufika shilingi 200.

Gundi hatukununua. Uji mzito wa unga wa ngano unashika karatasi na kitambaa vizuri sana, ila uupake mwembamba na ukandamize kadi chini ya kitabu kizito usiku kucha, la sivyo itajikunja. Rangi nyingine zilitoka jikoni. Kahawa nyeusi iliyochemka sana inatoa rangi ya mbao. Bizari ya manjano ikikorogwa na maji inatoa manjano inayowaka, na ukiigusa kwa maji ya sabuni inageuka kuwa nyekundu mbele ya macho yako. Watoto walirudia jambo hilo mpaka nikawaficha sabuni. Jua tu kwamba manjano ya bizari hufifia juani, kwa hivyo isitumike kwa kadi ya kutundikwa dirishani.

Kukunja

Karatasi ya kawaida ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikunja mara moja unapata kadi kubwa; ukiikunja mara mbili unapata kadi ya milimita 105 kwa 148, saizi inayoingia vizuri kwenye bahasha ndogo. Manila ni nzito, haitaki kukunjwa mara mbili. Kata kipande cha upana wa milimita 210 na urefu wa 148, kisha ukunje katikati mara moja. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kijiko kwenye mstari wa kukunjia ukifuata rula. Mkunjo utakuwa umenyooka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Kadi ikiandikwa Kiswahili kwa herufi za Kizungu, inafunguka kama kitabu cha shule, mkunjo ukiwa kushoto. Ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, inafunguka kama juzuu, mkunjo ukiwa kulia. Amua kwanza, kisha ndipo uchore, maana ukishapamba jalada huwezi kuligeuza.

Sisi tulichagua kulia. Mama yangu ni mtu wa chuo kuliko wa skuli. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu anakisoma upesi, kama walivyosoma bibi zake kabla yake, na cha herufi za Kizungu anakisoma akisogeza kidole.

Nyota

Nyota ya pembe nane, ile tunayoiona kwenye milango ya kale na mapambo ya misikiti, ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayomfanya mtoto ajione fundi. Kata mraba mmoja kwenye boksi la viatu, kila upande sentimita 4. Uweke juu ya kadi, uubane katikati kwa ncha ya penseli, uuzungushie mstari. Kisha, bila kuondoa ncha ile ya katikati, uzungushe mraba mpaka pembe yake itokeze katikati ya upande wa mraba uliochora. Uzungushie mstari tena. Umepata nyota. Futa mistari ya ndani ukipenda, au iache na kila chumba ukitie rangi yake.

Mvulana mkubwa alichora nyota tisa, akazipanga pindoni kama leso. Rangi alizichukua kwenye kawa ya Kinubi iliyotundikwa ukutani kwa jirani, zile za kufunikia chakula zilizosukwa kwa rangi nyingi. Mimi sikumwambia. Aliiona mwenyewe.

Mwezi

Hapa ndipo nilipoharibu.

Msichana wa miaka 8 alichukua glasi ya chai, akaizungushia mstari, akaisogeza kidogo akazungusha tena, na hilali ikatoka safi kabisa. Hivyo ndivyo inavyochorwa: duara mbili za glasi moja, ya pili imesogezwa upana wa kidole. Ila yeye alikuwa ameisogeza glasi kuelekea juu, si pembeni, na hilali yake ikawa imelala chali, pembe zikitazama mbinguni kama dau.

Nikamwambia mwezi haukai hivyo. Nikachukua ufutio, nikaufuta, nikauchora umesimama na nyota ndani yake, kama ulivyo kwenye kadi zote za dukani. Nilikuwa nimefunga, nimechoka, nataka kazi iishe kabla ya magharibi. Na nilitaka mama apate kitu kizuri.

Mtoto hakulia. Aliitazama kadi, akasema, "Mjomba, mimi niliuona. Ulikuwa umelala." Kisha akaisukuma kadi upande wangu na kwenda kukaa na mdogo wake.

Usiku, baada ya tarawehe, maneno yale hayakuniacha. Nina stashahada na miaka arobaini na kitu, na nimeutazama mwezi mwandamo kila mwaka tangu utoto wangu. Nikajiuliza, je, mimi niliwahi kuuona umesimama? Sikumbuki. Kwetu hapa karibu na ikweta, jua linazama likishuka karibu wima, na mwezi mchanga unalifuata kwa nyuma ukiwa juu yake. Upande wa mwezi unaong'aa ni ule unaolitazama jua, yaani upande wa chini. Ndiyo maana hilali ya Nairobi na ya Mombasa mara nyingi imelala kama dau. Wanaouona umesimama au umeinama ubavu ni watu wa mbali na ikweta, na wao ndio waliochora kadi zilizojaa madukani.

Na ile nyota niliyoitia ndani haipo popote duniani. Kati ya pembe za hilali hakuna tundu, pana sehemu ya mwezi isiyopata mwanga. Nyota zote ziko nyuma yake, mbali sana, na hakuna inayoweza kuonekana hapo. Kama alama inapendeza na sina ugomvi nayo. Lakini nilimfuta mtoto aliyechora alichokiona, nikaweka nisichowahi kukiona.

Asubuhi nilimwomba radhi. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema kweli, na kama anataka nimpe manila nyingine aanze upya. Alifikiri, akasema hapana. Aliigeuza kadi ile ile, na kwenye mgongo wake mweupe akauchora mwezi wake tena, umelala, mkubwa kuliko wangu. Chini yake akachora mabati ya Toi na watu watatu wadogo wamesimama juu ya ngazi wanatazama. Jina lake akaliandika upande huo, si wa mbele.

Maandishi

Idi ina herufi tatu: aini, yee, dali, zote zimeshikana. Mubarak ina tano: mimu, bee, alifu, ree, kafu. Mfundishe mtoto mambo mawili tu. La kwanza, alifu, dali na ree hazishiki mkono wa herufi inayofuata. Kwa hivyo mimu, bee na alifu zinakwenda pamoja, ree inakaa peke yake, na kafu inakaa peke yake. La pili, nukta: yee ina mbili chini, bee ina moja chini. Nukta zikipotea neno limepotea. Aandike kwa penseli kwanza, nukta azitie mwisho.

Anayetaka kuona khati inavyoweza kufika mbali, atafute picha ya stempu ya Idi iliyotolewa na posta ya Marekani mwaka 2001. Maneno ni hayo hayo mawili, kwa rangi ya dhahabu juu ya buluu, na mwandishi wake ni Mohamed Zakariya, Mmarekani aliyesilimu akaisomea khati mpaka akapewa ijaza Istanbul. Lakini usimpe mtoto aifuatishe kwa kufichua.

Aya za Kur'ani sisi hatukuandika, kwa kuwa kadi huanguka, hukanyagwa, huishia jaani. Kila mtu amuulize sheikh wake. Maneno ya heri yanatosha: Mwenyezi Mungu atupokelee sisi na nyinyi.

Ndani ya kadi, kila mtoto aandike jambo moja la kweli alilolifanya yeye. Usimpe maneno. Mvulana mkubwa aliandika: "Nyanya, nimefunga siku 17 na nimekula 4." Mama yake alitaka zile 4 zifutwe. Safari hii nikasema ziachwe.

Yule wa miaka 5 hajui kuandika. Aliweka kiganja chake juu ya manila nikakizungushia penseli, naye akakijaza maua ya kahawa na bizari, eti hina. Nilimwuliza anamwambia nini nyanya. Akasema, "Mwambie huu ni mkono wa Idi. Atie pesa." Nikaandika hivyo hivyo alivyosema.

Kupeleka

Tarehe usiandike. Kadi inaondoka kabla mwezi haujaandama, na hakuna ajuaye kama ni 29 au 30. Andika Mfungo Mosi na mwaka wa Hijria, hutakosea.

Bahasha tulikunja za khaki. Kwa kadi ya 105 kwa 148, bahasha ya milimita 114 kwa 162 inatosha bila kubana. Posta ni nzuri kwa mwenye sanduku, lakini nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina, basi tukafanya kama walivyofanya wazee: tulimpa mtu mkononi. Jirani wa Makina alikuwa anapanda basi la usiku kwenda Mombasa, akashuka Mwembe Tayari asubuhi, na kabla ya Adhuhuri kadi zilikuwa zimefika. Mpe mtu siku tano kabla, si mbili, maana mabasi ya kuelekea Idi hujaa.

Siku ya Idi, baada ya sala, mama alipiga simu. Alizungumza na watoto kwanza. Aliahidi pesa za mkono. Alimwambia mkubwa kwamba baba yake mdogo akiwa na umri huo alikula nyingi zaidi ya 4. Kisha akaniita mimi.

"Hii kadi ina miezi miwili," akasema. "Huu wa mbele ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Nilijua," akasema. "Huu wa nyuma ndio ule niliokuwa nikipanda darini na baba yako kuutazama."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Nilipokwenda Mombasa wiki mbili baadaye nililiona kopo la biskuti. Kadi tatu zilikuwa juu ya nyingine zote, na ile ya miezi miwili ilikuwa imewekwa mgongo juu.

Basi, msomaji, ukipata nafasi kati ya Alasiri na magharibi, saa ile watoto wanapouliza bado dakika ngapi, wape manila, glasi na kalamu za rangi. Wapeleke nje kwanza wakaangalie mwezi, mlango wa jirani, pindo la leso ya mama yao. Ufutio waachie wao wenyewe. Wakikuuliza kitu, jibu; wasipokuuliza, kaa pembeni ukunje bahasha.

Mwenyezi Mungu atufikishe salama na atupokelee. Idi njema kwenu na kwa walio mbali nanyi.